Paka wa Nyumba Haingwa: Darsa juu ya Kumuuguza Paka Mwenye Maradhi ya Tumbo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika maswali yanayotufikia kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe, liko moja ambalo baadhi ya watu hulicheka, na sisi twaona si la kuchekwa. Nalo ni hili: Mtu ana paka nyumbani kwake, na kwa miaka paka huyo ameulinda mchele wake na panya. Sasa amepatwa na maradhi ya tumbo; mara hutapika, mara huharisha, na miezi yapita wala hapoi. Amekonda, hawindi tena, na uchafu wake huonekana hata mkekani pa kuswalia. Majirani wamwambia mwenye nyumba: mtie guniani, umvushe kwa feri, ukamwachilie ng'ambo. Je, yamfalia kufanya hivyo? Na asipofanya, amuuguze vipi, na tohara ya nyumba yake itakuwaje?

Jawabu yetu kwa ufupi ni kwamba hayamfalii. Na ya kwamba kumuuguza si jambo zito kama linavyodhaniwa, wala hakuivunji swala ya mtu. Wazee wetu walikwisha kusema: paka wa nyumba haingwa. Lakini jawabu fupi haitoshi, kwani mwenye kuambiwa "usimtupe" ana haki ya kuambiwa pia afanye nini. Basi na tuyaeleze moja moja.

Haki ya mnyama mgonjwa

Kila aliyekaa darsani ameisikia hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Kosa alilotajiwa mwanamke huyo lilikuwa na sehemu mbili: hakumpa paka chakula, wala hakumwacha huru ajitafutie wadudu wa ardhini. Lau angalimpa, au lau angalimwacha, adhabu ile isingalimfika.

Sasa na tumtazame paka mgonjwa kwa hadithi hii. Yeye hakufungwa, na mlango u wazi mchana na usiku. Lakini mbio za kumkamata panya hanazo, na hata akimkamata, tumbo lake halikizuii alichokila. Mwenye kusema "nimemwacha huru" asema jina la uhuru tu, kwa kuwa maradhi ndiyo kamba yake. Na akivushwa mpaka mtaa asioujua, akatupwa penye paka wengine wenye nguvu walioshika kila jaa na kila kibanda cha samaki, basi huyo amefungwa mara mbili, kwa maradhi na kwa ugeni.

Wala haya si maneno tuliyoyazua sisi. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyekufa Misri mwaka 660 H (1262), alizitaja haki za wanyama juu ya wanadamu katika kitabu chake cha Kawaidul-Ahkam. Haki ya kwanza aliyoitaja ni kuwa mwenye mnyama amtumilie kwa kadiri ya mahitaji yake, hata akizeeka au akaugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Twamuomba msomaji asimame hapa kidogo. Wengi wetu twamlisha paka kwa sababu ya panya. Kazi ikisha, twaona na chakula kimekwisha, kama kwamba ni kibarua. Imamu huyu ayakata mawazo hayo kwa neno moja: haki haikuja kwa manufaa, basi haiondoki kwa kuondoka manufaa.

Na katika kisa kilichohadithiwa na Ibn Khallikan, Ibn Babshadh, bingwa wa nahau wa Misri aliyekufa mwaka 469 H (1077), alikuwa akila pamoja na wenzake juu ya dari ya msikiti. Akaja paka, wakamtupia tonge. Akaichukua, akaenda nayo, akarudi tena, na tena. Walipomfuata walimkuta akimpelekea paka mwingine, kipofu, aliyekuwa amelala mahali palipobomoka. Ikiwa paka amemuuguza paka mwenziwe, mwanadamu aliyepewa akili na mkono ana udhuru gani?

Sheria ya nchi nayo yaelekea huko huko. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima.

Kuyajua maradhi yenyewe

Watu husema "ana roho ya paka" kwa mtu asiyekufa upesi. Msemo huu umewadhuru paka wengi, kwani paka ni mnyama afichaye maumivu. Hulala tu pembeni, na watu wakasema amechoka, kumbe yu taabani.

Kutapika nywele mara moja baada ya muda mrefu si maradhi. Lakini paka atapikaye kila wiki, au aharishaye kwa zaidi ya wiki tatu, au akondaye ilhali anakula, huyo ana maradhi ya kudumu, wala si "tumbo la leo". Na sababu zake ni nyingi. Wako wenye minyoo au vijidudu vya tumboni visivyoonekana kwa jicho. Wako ambao miili yao yakikataa chakula fulani. Wako ambao askari wa mwili wao wamejazana katika kuta za utumbo, utumbo ukavimba na kuwa mnene, chakula kikapita bila kufyonzwa. Na katika paka wazee huenda ikawa ni saratani ya utumbo, au tezi la shingoni lifanyalo kazi kupita kiasi, au figo. Dalili za yote haya hufanana, na kwa hiyo haifai kukisia.

Basi jambo la kwanza ni daftari. Andika kila siku amekula nini, ametapika mara ngapi, na choo chake kilikuwaje. Na kila wiki mpime katika kapu kwa mizani ya dukani. Paka wa kilo nne akipoteza nusu kilo, amepoteza thumni ya mwili wake. Ni kama mtu wa kilo 64 aliyepungua kilo nane, na mtu huyo hapana asiyemwonea wasiwasi.

Jambo la pili ni daktari wa mifugo. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo zimo chini ya serikali za kaunti, na wako pia madaktari wa kujitegemea. Mwulize kama amesajiliwa na bodi iliyowekwa kwa sheria ya 2011, wala usione haya, kwani ni haki yako. Mpelekee daftari lako, na choo cha siku ile ile ndani ya kikopo safi, ili akipime. Daftari la senti chache huenda likamwokolea mtu vipimo vingi vya gharama.

Na yako mambo yasiyongoja daftari. Paka akikataa kula kwa siku mbili, mafuta huanza kumjaa ini, nayo ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, au tumbo likimvimba, mwende siku hiyo hiyo. Paka dume akijikamua wala kisitoke kitu, watu hudhani amefunga choo, kumbe pengine ni mkojo uliozibika, nao waweza kumuua kwa siku mbili au tatu. Na ukiona uzi, au mshipi wa kuvulia, umetokeza kinywani au nyuma, usiuvute kabisa, kwani hukata matumbo kama msumeno. Katika pwani yetu, ambako utumbo wa samaki hutupwa pamoja na ndoana, jambo hili si geni.

Chakula, na mtihani wa ujirani

Chakula ndicho dawa ya kwanza, na paka wengi hupata nafuu kwa chakula peke yake. Lakini ni lazima tujue paka ni mnyama wa namna gani. Yeye aliumbwa ale nyama. Katika nyama na samaki kuna kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza kwa kiasi kimtoshacho. Akikikosa kwa muda mrefu, macho huharibika na moyo hulegea. Basi paka alishwaye ugali au wali mtupu hakulishwa, ijapokuwa tumbo lake limejaa.

Vitu vinne vya jikoni mwetu vyamdhuru mgonjwa huyu. Cha kwanza ni maziwa, kwani paka wakubwa wengi hawana uwezo wa kuivunja sukari iliyomo ndani yake, wakaharisha. Cha pili ni mchuzi wenye vitunguu maji au vitunguu thaumu, ambavyo huharibu damu ya paka. Cha tatu ni ng'onda na papa mkavu, kwa wingi wa chumvi. Cha nne ni mifupa na miiba iliyopikwa, ambayo huchoma.

Daktari akishuku kuwa ni chakula, atakuamrisha kumjaribu. Utachagua nyama ya aina moja ambayo paka hajaizoea. Aliyelelewa kwa samaki, kama walivyo wengi wa Likoni na Mtongwe, huenda akapewa nyama ya mbuzi au sungura. Na kuku pia yafaa ikiwa hakuwa akimla. Ichemshe bila chumvi, bila mafuta wala kiungo chochote, uikatekate, na maji uliyoichemshia usiyamwage, bali umchanganyie, kwa kuwa sehemu ya taurini hubaki humo. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, na maji safi yasimwondokee, hasa katika joto la kaskazi. Ikiwa chakula ndicho kilichokuwa sababu, aghalabu nafuu huonekana ndani ya wiki mbili au tatu.

Lakini katika muda huo asionje kingine chochote. Na hapa ndipo jaribio linapoharibika mitaani kwetu, si kwa ubaya wa watu bali kwa wema wao. Paka wa mtaa wa Kiswahili hana nyumba moja. Asubuhi yuko barazani kwa huyu, adhuhuri yuko kwa muuza samaki wa kukaanga, na jioni watoto wa nyumba ya tatu wamtupia mkia wa changu. Basi mfungie ndani kwa wiki hizo, na uwaendee majirani mmoja mmoja uwaeleze. Ukiwaambia tu "msimpe", watakuona bahili. Ukiwaeleza kuwa mnamtibu pamoja, watakuwa wauguzi wenzako. Sisi twaona kuwa mgonjwa huyu mdogo huenda akawafundisha watoto wa mtaa amana kuliko mawaidha mengi.

Na ifahamike ya kuwa nyama tupu ni chakula cha jaribio, si cha maisha, kwa sababu imepungukiwa na chokaa na vinginevyo. Likishapatikana linalomfaa, daktari atakuonyesha namna ya kulikamilisha.

Dawa, na hadhari yake

Chakula kisipotosha, ziko dawa. Minyoo ina dawa zake, nazo hutolewa kwa kupima uzito wa paka. Utumbo uliovimba hutulizwa kwa dawa iitwayo prednisoloni, ambayo mwenye kuianza haifai aikate ghafla akiona nafuu, bali hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Na kwa kuwa utumbo mgonjwa hushindwa kufyonza vitamini B12, paka wengi wa namna hii hudungwa sindano yake, aghalabu mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa. Sindano hii si ghali, na mara nyingi ndiyo irudishayo hamu ya kula.

Ama kumpa paka dawa za binadamu ni kumuua kwa nia njema. Panadol, na kila dawa yenye parasetamoli, ni sumu kwake, kwani ini la paka halina nguvu ya kuiondosha. Tembe moja yatosha kumwangamiza. Aspirini na dawa za kuzuia kuharisha zisipewe ila kwa idhini ya daktari. Na dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa, yenye permethrini, isiguse manyoya ya paka kabisa.

Maradhi haya mara nyingi hayaponi kwa maana ya kwisha, hutulia. Mwenye kuuguza ajipange kwa miaka, si kwa wiki, kama ajipangavyo mwenye mzee wa kisukari nyumbani.

Tohara ya nyumba

Wengi wanaowatupa paka wagonjwa hawawatupi kwa ukatili, bali kwa kuiogopea swala yao. Hofu hii ni ya mtu mwema, basi yataka elimu.

Paka mwenyewe si najisi. Yapokewa katika Muwatta na katika Sunan kuwa Abu Katada, sahaba wa Mtume (s.a.w.), alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na Kabsha alipomtazama kwa mastaajabu, akamweleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, kwa kuwa ni katika wanaotuzunguka majumbani. Ama choo chake, mkojo wake na matapishi yake, hayo ni najisi katika madhehebu yetu. Lakini ni najisi ya kawaida, inayoondoshwa kwa maji mpaka kiwiliwili chake, rangi yake na harufu yake viondoke. Haihitaji mara saba wala udongo, kwani hayo ni ya mbwa na nguruwe. Nywele chache zilizodondoka husamehewa, na aliyekuwa hana budi nazo husamehewa zaidi.

Basi kinachotakiwa ni utaratibu. Mkeka wa kuswalia ukunjwe utiwe juu baada ya swala. Mgonjwa awekewe sanduku la mchanga pahali pamoja, mbali na chakula chake na mbali na jiko. Mchanga uzolewe kila siku, kwani choo cha paka huenda kikawa na kijidudu ambacho huhitaji siku moja mpaka tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Azolaye kila siku amekitangulia. Mwanamke mwenye mimba asiifanye kazi hii, bali aifanye mumewe au mwengine, na kila aliyeifanya anawe mikono kwa sabuni. Na paka achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa, ambacho humpata yeye kama kimpatavyo mbwa.

Lakufikiri ni hili: maji ya kuosha mkeka yapatikana, ijapokuwa kwa mtungi wa kununua. Lakini dhulma ya kumtupa mwenye kutegemea haina maji ya kuioshea.

Yasiyo na asili

Kama kawaida yetu, hatuna budi kutenga kilicho sahihi na kisicho. Maneno mashuhuri ya kuwa kumpenda paka ni katika imani, wanavyuoni wa hadithi wamesema hayana asili kwa Mtume. Na kile kisa cha Mtume kuikata nguo yake ili asimwamshe paka aliyelala, hakipatikani katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Hadithi mfano wake husimuliwa kwa Sheikh Ahmad Rifai, aliyekufa mwaka 578 H (1182). Hatuna haja ya kumhurumia kiumbe kwa uongo, ilhali ukweli watosha.

Na kadhalika wako wasemao kuwa paka mweusi akondaye amekaliwa na jini, wakamfunga hirizi shingoni, au wakamwogopa hata kumpa maji. Huyu ana ugonjwa wa utumbo. Pesa za hirizi zimnunulie dawa ya minyoo.

Ikifika hatua ya mwisho

Mara nyingine daktari husema hapana tiba, na mnyama ana maumivu, basi auawe kwa sindano apumzike. Vitabu vya Kishafi tunavyovisoma, kama Fathul-Muin, vyasema haijuzu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha. Na wako wanavyuoni wengine, na katika wa zama zetu ni wengi, waliojuzisha ikiwa tamaa ya kupona imekatika na mateso yamezidi. Sisi hatutamlazimisha mtu katika jambo lenye khitilafu. Aliyefikwa amwulize mwanachuoni anayemwamini, naye amweleze hali ilivyo bila kuipunguza wala kuizidisha. Lakini hapana mwanachuoni katika pande zote mbili aliyesema atiwe guniani.

Na aliye fakiri asijitese kwa asichokiweza, kwani nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uweza wake, na haki ya watoto wake i mbele. Asiye na pesa ya daktari ana maji, ana kitambaa cha kumpangusia, ana kipande cha nyama isiyo na kiungo, ana kivuli. Kila kiumbe mwenye uhai, kumtendea wema kuna ujira. Na aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu hakuwa na kitu ila kiatu chake na kisima.

Basi, ewe ndugu msomaji, paka wako akiugua, jua kwamba mnyama huyu alikutumikia alipokuwa mzima bila ya kukudai. Sasa deni limefika mlangoni, na lipeni ingali mchana. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie huruma yenye elimu, na elimu yenye vitendo. Wabillahi taufiki.